Ukurasa Uliokuwa Kava la Daftari Langu

Mwaka 1988, nikiwa darasa la tano mjini Morogoro, dada yangu aliniwekea daftari la Hisabati kava kwa ukurasa wa jarida la katuni, kwa sababu karatasi za kaki hazikupatikana nyumbani. Aliukata pande zote ili ulingane na daftari, na kwa kufanya hivyo aliondoa jina la jarida, namba ya toleo na hata kichwa cha hadithi. Zilibaki picha sita, na katika kona ya chini kulia, ndani ya kisanduku kidogo cheusi, neno moja: Itaendelea. Kwa mwaka mzima niliuangalia ukurasa ule kila kipindi cha Hisabati kilipoanza, na nilijua kila mstari wa kalamu ya mchoraji, lakini sikujua hadithi ilitoka wapi wala ilikwenda wapi. Hamu ile ya kujua kilichofuata ndiyo iliyonifanya kuwa mkusanyaji. Nikiulizwa leo kwa nini chumba changu kimoja hapa Dar es Salaam kimejaa maboksi ya majarida ya zamani, huwa naanza kwa kueleza habari za daftari lile.

Kwa wasioikumbuka miaka ile, ni vizuri nieleze jinsi majarida yalivyotufikia. Jarida lililovuma kuliko yote lilikuwa Sani, lililoanzishwa Dar es Salaam na Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo, na jina lake likatokana na mwanzo wa majina ya waasisi hao wawili. Humo ndimo walimoishi Ndumilakuwili, Kipepe, Madenge yule mtoto mtundu, na Lodi Lofa ambaye jina lake linatosha kumweleza. Philip Ndunguru, mchoraji aliyefungamana sana na wahusika hao, alifariki mwaka 1986 akiwa bado kijana, na wahusika wake wakaendelea kuishi katika mikono ya wachoraji wengine. Kabla yao kulikuwa na Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, ambaye wazee wetu walimfungua kwanza kabla ya kusoma habari za siasa. Baba yangu alikuwa wa kizazi cha African Film, jarida la hadithi za picha za kamera, lenye mpelelezi Lance Spearman aliyevaa kofia ya panama na tai ya kipepeo, akisaidiwa na Sonia, Kapteni Victor na kijana Lemmy. Baba hakuhifadhi nakala hata moja, lakini hadi alipozeeka aliweza kutusimulia jinsi Spearman alivyoingia ukumbini.

Nakala moja ilinunuliwa na mtu mmoja na kusomwa na mtaa mzima. Iliazimwa, ikaazimwa tena, ikachukuliwa na mwalimu wa zamu, ikarudishwa au isirudishwe, na ilipochakaa haikutupwa, bali iliingia katika matumizi mengine. Ilifungiwa vitumbua na karanga, ilitandikwa kwenye rafu za vyombo, iliziba ufa wa dirisha, ilibandikwa ukutani, na kama ilivyotokea kwetu, iliwekwa kava kwenye madaftari. Sisemi haya kwa kumlaumu mtu. Karatasi ilikuwa mali, na watu walitumia mali yao kwa busara. Lakini ndiyo sababu jarida lililochapishwa kwa maelfu ya nakala linaweza leo kuwa gumu kulipata kuliko kitabu kilichochapishwa nakala mia tano na kuwekwa kabatini.

Baadaye nilipoanza kusoma habari za wakusanyaji wa Marekani nilishangaa kuona kwamba hata kwao mambo yalikuwa hivyohivyo. Toleo la kwanza la Action Comics, lililomleta Superman mwezi Juni 1938, liliuzwa senti 10. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, watoto wa shule walizunguka nyumba kwa nyumba wakikusanya karatasi kuukuu ili zitumike upya kwa ajili ya vita, na vitabu vya katuni visivyo na idadi vikaishia huko. Nakala chache zilizonusurika ndizo zinazouzwa sasa kwa mamilioni ya dola. Mwaka 2014 moja ilipata zaidi ya dola milioni 3. Kwao vita, kwetu vitumbua. Katika nchi zote mbili, kilichokiokoa kitabu ni mtu mmoja aliyeamua kwamba hiki hakitoki ndani ya nyumba.

Mimi nilikuwa na uamuzi huo mapema, lakini sikuwa na elimu yake. Nikiwa sekondari ya bweni nilikusanya majarida sitini na kitu, mengine kwa kuyanunua, mengine kwa kubadilishana na sukari au sabuni, nikayahifadhi kwenye tranka langu la bati. Nilipomaliza shule nililiacha tranka nyumbani, chini ya kitanda, katika chumba ambacho sakafu yake ya saruji ilikuwa na ufa. Mwaka 1997 nililifungua. Majarida ya juu yalikuwa mazima kabisa, nikafurahi, nikatia mkono kunyanyua rundo, na rundo likanyanyuka jepesi kama boksi tupu. Mchwa walikuwa wametoboa kutu ya kona moja ya chini, wakala kutoka katikati kwenda nje, wakaacha kingo zimesimama kama kuta za nyumba iliyoezuliwa. Ndani kulikuwa na njia zao za udongo, na juu ya udongo ule vipande vya rangi, jicho la mtu, kiatu, nusu ya neno. Nilikaa sakafuni muda mrefu. Mama alikuja mlangoni, akaangalia, akasema, "Pole, mwanangu," kisha akaenda kuchukua ufagio.

Kwa hiyo somo la kwanza lilikuwa gumu, nalo ni kwamba chombo kinachoonekana imara si lazima kiwe salama. Bati linapata joto mchana na kupoa usiku, na unyevu uliomo ndani hugeuka matone yanayoshikamana na kuta zake, kutu huanza, na kutu ni mlango. Tangu siku ile sijaweka jarida lolote chini wala kulisogeza ukutani. Rafu zangu zimesimama juu ya vigae, umbali wa kiganja kutoka ukutani, na kila Jumamosi napitisha tochi nyuma yake.

Nilipohamia Dar es Salaam kikazi mwaka 2003 nilikutana na adui mwingine, asiyeonekana kama mchwa. Hewa ya jiji hili ni nzito. Kwa siku nyingi unyevu hupita asilimia 70, na kuvu hushamiri kwenye karatasi unapozidi takribani asilimia 65. Karatasi za majarida yale, zinazofanana na za magazeti, zina udhaifu wake zenyewe, kwa kuwa hutengenezwa kwa mti uliosagwa bila kuondolewa lignini, yaani kile kinachoshikamanisha nyuzi za mti, na lignini hiyo ikikutana na mwanga na hewa huzaa tindikali inayoigeuza karatasi kuwa ya njano, kisha ya kahawia, kisha ikavunjika kama biskuti. Hakuna anayeweza kuizuia kabisa hali hiyo. Kinachowezekana ni kuichelewesha, na tofauti kati ya miaka kumi na miaka hamsini ni kubwa kwa mtu anayetaka wajukuu wasome.

Kosa langu la pili lilikuwa kufunga haraka. Nilisoma kwamba wakusanyaji wa nje huweka kila kitabu katika mfuko wa plastiki, nami nikanunua mifuko laini ya kung'aa, nikatia majarida arobaini mwezi wa Aprili, katikati ya masika. Nilichokifunga mle ndani hakikuwa majarida tu, bali na unyevu wa masika. Kufikia Julai baadhi yalikuwa na madoa ya kijivu na harufu ya ghala, na wino wa jalada moja ulikuwa umehamia kwenye plastiki. Mifuko yenyewe ilikuwa ya PVC, aina inayotoa kemikali kadiri inavyozeeka, na ukiigusa inanata kidogo na kunuka kama pazia jipya la bafuni. Siku hizi natumia mifuko ya polipropilini, na kwa nakala chache za thamani natumia ya poliesta, ambayo ndiyo inayotumika makumbusho. Nyuma ya kila jarida naweka ubao wa karatasi ngumu isiyo na tindikali ili lisijipinde. Sifungi jarida lolote kabla halijakaa siku kadhaa kwenye chumba kikavu, likiwa wazi kidogo, mbali na jua. Na kazi ya kufunga naifanya miezi ya Julai na Agosti, wakati hewa ni kavu kiasi. Mdomo wa mfuko naukunja tu, siubandiki, ili karatasi ipumue.

Maboksi yangu ni yale ya karatasi za fotokopi za A4 ambayo ofisi nyingi huyatupa, lakini ndani yake nimetandika karatasi safi, na katika kila boksi naweka vifuko vya silika, chembe zinazofyonza unyevu, ambavyo navibadilisha kila baada ya miezi miwili. Kipimo kidogo cha unyevu nilichonunua Kariakoo kinakaa juu ya rafu. Kikipita 60 nawasha feni na kufungua milango ya ndani, na kikipita 70 napunguza kuyagusa. Wapo wanaoniambia nitumie vile vidonge vyeupe vya dawa ya nondo. Nilivijaribu na ninawashauri wenzangu wasivitumie, kwa sababu harufu yake huingia kwenye karatasi na haitoki, na si nzuri kwa mapafu ya anayelala jirani nayo. Majani makavu ya mwarobaini aliyonifundisha bibi ni bora kidogo, mradi yawekwe kwenye kitambaa nje ya boksi na yasiguse karatasi, kwani huacha doa. Mende hupenda gundi ya uti wa jarida, na yupo mdudu mwingine mdogo wa rangi ya fedha, asiye na mabawa, anayekwangua uso wa karatasi usiku na kukimbia ukiwasha taa. Kwa jarida lolote jipya linaloingia ndani ya nyumba nina utaratibu mmoja ambao mke wangu aliuvumilia kwanza na sasa anausimamia mwenyewe: linafungwa katika mifuko miwili iliyokazwa, linakaa kwenye friza wiki mbili katika nyuzi 18 chini ya sifuri, kisha linaachwa lirudi kwenye joto la kawaida kabla mfuko haujafunguliwa, ili matone yatue juu ya plastiki na si juu ya karatasi. Mayai ya wadudu hufia humo.

Kuhusu matengenezo nitasema kwa ufupi kwa sababu bado linaniuma. Niliwahi kuunganisha kwa selotepu kurasa zilizochanika za nakala kumi na mbili. Baada ya miaka michache plastiki ilibanduka yenyewe na gundi ikabaki, ya njano na yenye kunata, ikapenya hadi ukurasa wa pili. Ukurasa uliochanika unaweza kukaa umechanika ndani ya mfuko kwa miaka mingi bila kuzidi kuharibika. Pini za stepla zilizoshika kutu nazing'oa taratibu kwa ncha ya kisu cha mezani, nazipindua kwanza ziwe wima, na sirudishii nyingine.

Ununuzi nao una elimu yake. Kwa miaka mingi nimekuwa mteja wa wauza vitabu vya mtumba wanaotandaza bidhaa zao kandokando ya barabara katikati ya jiji, maeneo ya Posta na Mtaa wa Samora, na nimejifunza kwamba jarida hulitazami jalada, unalihesabu kurasa. Kurasa za katikati ndizo zilizobeba picha kubwa za wasanii na wachezaji, nazo zilichanwa na kubandikwa kwenye kuta za vyumba vya vijana nchi nzima. Ukichana ukurasa mmoja wa katikati, wa upande wa pili nao hulegea na kudondoka, na mara nyingi ndio wenye hadithi. Nilishalipa bei ya jarida zima kwa jarida lenye pengo, nikagundua nikiwa kwenye daladala. Sasa nahesabu mbele ya muuzaji, na hakuna aliyewahi kukasirika.

Yapo, hata hivyo, mambo ambayo wakusanyaji wa mbali wangeyaita dosari nami siyaiti hivyo. Majina ya wasomaji yaliyoandikwa kwa kalamu ya wino juu ya jalada, mojawapo likiwa na majina saba yaliyopangwa kwa zamu ya kuazima, mistari iliyopigwa chini ya maneno, jibu la fumbo lililojazwa kwa penseli na kufutwa, yote hayo yananieleza maisha ya jarida. Kuna ukurasa wa marafiki wa kalamu, wenye picha ndogo za vijana, sanduku la posta, na uraibu wao: kusoma, kusikiliza muziki, kubadilishana mawazo. Kurasa hizo hunisaidia hata kukadiria mwaka wa nakala iliyopoteza jalada, pamoja na matangazo ya biashara na habari za mpira. Siziweki hadharani, kwa kuwa watu wale wako hai na walimwandikia rafiki, hawakuniandikia mimi.

Mwaka 2011 nilikwenda Morogoro kwa msiba, na asubuhi ya kurudi nilinunua vitumbua kwa mama mmoja karibu na stendi. Alinifungia viwili kwa ukurasa wa jarida. Niliusoma nikiwa nimesimama, kisha nikamwuliza kwa adabu kama anazo karatasi nyingine kama ile. "Zipo nyingi, baba," alinijibu, "mzee wangu aliziacha darini, mimi nafungia tu." Nyumbani kwake, dakika kumi kwa miguu, kulikuwa na mafurushi mawili yaliyofungwa kwa kamba ya katani, mojawapo likiwa limeliwa nusu na kazi ya vitumbua. Alitaka bei ya karatasi kwa kilo. Nilimweleza ukweli, kwamba wapo watu wanaoyatafuta majarida yale na mimi ni mmoja wao, na kwamba ni halali yake kupata zaidi. Tulikubaliana bei, nikamlipa nilichokuwa nacho, na salio nikamtumia kwa simu mwisho wa mwezi. Nikaongeza na ream mbili za karatasi nyeupe za kufungia. Najua wenzangu wanaojisifu kwa kupata vitu adimu kwa bei ya takataka kutoka kwa wajane. Mimi naona huo si ustadi. Aliyelitunza jarida kwa miaka ishirini, hata kama alilitunza darini bila kujua, amefanya kazi kubwa kuliko yangu.

Katika furushi la pili, jarida la tano kutoka chini, nilifungua ukurasa nikaziona picha zangu sita. Nilizitambua kabla sijazisoma. Safari hii zilikuwa na kingo zake, na jina la hadithi juu, na kurasa tatu zilizotangulia, hivyo baada ya miaka 23 nilijua yule mtu wa katika picha alitoka wapi. Kona ya chini ilikuwa vilevile: Itaendelea. Toleo lililofuata halikuwemo.

Ili kulitafuta, niliingia katika kubadilishana na watu wa mbali, na hapo nilikutana na suala la thamani. Marekani wana mwongozo wa bei wa Overstreet unaochapishwa tangu 1970, na tangu 2000 ipo kampuni ya CGC inayopima hali ya kitabu kwa kipimo kinachofika 10 na kukifungia ndani ya plastiki ngumu. Majarida yetu hayana mwongozo kama huo, na kwa upande wangu sijutii sana, kwa sababu kitabu kilichofungiwa hakisomwi tena. Historia yao pia inaonya: mwaka 1991 toleo jipya la kwanza la X-Men lilichapishwa nakala takribani milioni 8, watu wakanunua tanotano na kuziweka zisiguswe, wakitumaini utajiri, na leo nakala hiyo hupatikana kwa bei ndogo kwa kuwa kila mtu aliitunza. Sisi tunabadilishana kwa kupatana. Rafiki yangu wa Nairobi, ambaye huokota vitu vyake kwa wauzaji wa mitaani wanaoitwa "inama" kwa kuwa mteja lazima ainame, alinipatia nakala mbili za Joe, jarida lililoanzishwa mwaka 1973 na Hilary Ng'weno na Terry Hirst, na kitabu cha Lwanda Magere, shujaa wa masimulizi ya Waluo, kutoka mfululizo wa vitabu vya katuni wa Pichadithi wa huyohuyo Hirst. Nami nikampa nakala nne za Sani nilizokuwa nazo mbilimbili. Hatukuhesabu shilingi. Tulitumiana kwanza picha za kila ukurasa, tukaandika kila mchaniko, ndipo vifurushi vikaingia barabarani.

Kifurushi cha kwanza nilikikunja kama gazeti na kukifunga kwa bahasha ya kaki. Kilifika kimelowa upande mmoja na majalada yamejipinda. Rafiki yangu hakunung'unika, ila alinitumia cha kwake kikiwa kati ya vipande viwili vya kadibodi, kimevikwa nailoni, kimefungwa kamba mara nne, na maneno makubwa ya usikunje pande zote mbili. Tangu hapo nafunga kama yeye.

Tumekubaliana pia kuhusu kuskani. Nimeskani zaidi ya nusu ya mkusanyiko, ili mchwa wakirudi wasichukue kila kitu, na nikiulizwa na mtafiti au familia ya mchoraji natoa nakala kwa moyo mweupe. Sisambazi majarida mazima kwenye makundi ya WhatsApp, ingawa naombwa kila wiki. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 hulinda kazi maisha yote ya mwenye kazi na miaka 50 baada ya kifo chake, na hata isingekuwepo, wachoraji hawa walichora kwa mwanga wa koroboi na wana watoto.

Nakala ninayoitafuta bado sijaipata. Nina toleo lililoitangulia na matoleo mawili yaliyofuata, katika boksi la saba, na kati yao nimeacha mfuko mtupu wenye ubao wake na karatasi ndogo ya namba ya toleo. Wiki iliyopita rafiki yangu wa Nairobi aliniandikia kwamba mzee mmoja wa Arusha anauza maktaba ya nyumbani na ndani yake kuna rundo la majarida ya Kiswahili ya miaka ya themanini. Nimekata tiketi ya Ijumaa, na friza nimekwisha kuitolea samaki.